Gato, biskuti na mikate ya maziwa juu ya mbabula: mwongozo kamili wa kuoka kwa makala

Gato, yaani keki, likiungua chini huku juu bado ni uji, watu hulaumu unga, mayai au levire ya kuumulia. Mara nyingi kosa liko kwenye makala, yaani makaa ya kupikia. Mbabula, jiko letu la makala, imetengenezwa ichemshe maharagi na sombe, kwa hiyo moto wake wote unatoka chini. Gato linataka kinyume: moto mwingi juu, kidogo chini. Ukilishika hilo, utaoka vizuri Goma, Bukavu au Lubumbashi, umeme uwepo au usiwepo.

Mwongozo huu unaanza na moto, kisha unakuja kwenye vitu vitatu vya kuoka: gato la ndizi, biskuti za karanga na mikate midogo ya maziwa. Usiruke sehemu ya moto ukimbilie ndizi.

Sufuria inayogeuka oveni

Tafuta sufuria ya alumini nzito, ile ya kumiminwa na mafundi wa mtaani, yenye upana wa sentimita 30 na kina cha 18 au zaidi. Sufuria nyepesi, inayobonyea ukiikandamiza kwa kidole gumba, haifai. Joto lake linapita mahali palipo na kaa tu, na ikikaa tupu juu ya moto mkali kitako kinapinda. Uzito ndio unaotunza joto na kuligawa.

Ndani yake mimina mchanga mkavu, kimo cha sentimita 2. Mchanga wa ziwani au wa mtoni unafaa, ila uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke safi, uanike, halafu uukaange ndani ya sufuria hiyo hiyo kwa dakika 20 mpaka uache kutoa mvuke. Mchanga wenye unyevu utalowesha gato kwa chini na hutajua kwa nini.

Goma mawe ya volkano yako kila kona, na inavutia kuyatia ndani ya sufuria badala ya mchanga. Tafadhali usifanye hivyo. Jiwe la lava lina vitundu, vitundu vinaficha maji ya mvua, na maji hayo yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua jiwe kwa nguvu usoni mwako. Kazi yake nzuri ni nje: yapange kuzunguka mbabula, hatua moja hivi, yakinge upepo wa ziwani. Upepo ukipiga upande mmoja, makala ya upande huo yanawaka haraka kuliko mengine na gato linatoka na shavu jeusi.

Juu ya mchanga panga vikopo 3 vidogo vya nyanya, vile vya gramu 70, vilivyooshwa, vikatolewa karatasi na kujazwa mchanga. Hayo ndiyo mafiga. Chombo cha kuokea kikae juu yake bila kugusa mchanga, na kiache nafasi ya sentimita 3 kila upande ili hewa ya moto izunguke. Chombo kinachobanana na ukuta wa sufuria kinaunguza kando kabla ya katikati kuiva. Kwa sufuria ya sentimita 30, chombo cha 20 kinafaa gato, cha 24 kinafaa mikate. Kopo la maziwa ya unga linafaa pia, mradi halina rangi ndani wala mpira kwenye mdomo.

Kifuniko kiwe cha chuma au alumini nene, na kiwe na ukingo wa kuzuia makala yasiporomoke. Kisipokuwa na ukingo, kipindue: tumbo lake linakuwa sahani ya makala. Kabla ya kukipindua, hakikisha kishikio si cha plastiki na hakitafika kwenye gato likiumuka. Kikifika, king'oe na uzibe tundu kwa bolti. Usifunike kwa kipande cha bati jipya la paa. Bati hilo limepakwa zinki, na makala yaliyokolea yana moto wa kutosha kuitoa zinki moshi wake, moshi ambao haufai kwa chakula wala kwa mapafu.

Makala: aina, idadi na mahali pa kuyaweka

Nunua makala magumu ya mikaratusi iliyopandwa. Ukigonganisha vipande viwili, makala mazuri yanalia kama kigae. Mabaya yanatoa sauti ya kufifia na kuacha vumbi mkononi. Uliza yametoka wapi. Msitu wa Virunga umekatwa vya kutosha kwa ajili ya majiko yetu, na makala ya miti ya kupandwa yanaoka vizuri vilevile.

Vunja vipande viwe na ukubwa wa yai la kuku. Kwa sufuria ya sentimita 30 unahitaji vipande 24: 8 chini na 16 juu. Viwashe vyote pamoja kwenye mbabula, usubiri dakika 20 hivi mpaka kila kipande kivae jivu la kijivu. Makala ambayo bado yana sehemu nyeusi yatatoa moshi na joto litapanda ghafla katikati ya kazi. Wakati wa mvua, makala yaliyolowa hupasukapasuka na kurusha cheche. Yaanike karibu na jiko siku moja kabla.

Zile 8 za chini zipange kwa duara, chini ya ukingo wa sufuria, katikati pakae wazi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanarundika makala katikati, na katikati ndipo gato lilipo. Za juu, weka 12 kwa duara kwenye ukingo wa kifuniko na 4 katikati.

Funika sufuria tupu kwa dakika 10, kisha upime joto. Tandaza kijiko cha chai cha unga mkavu kwenye kisahani cha chuma, kiweke juu ya mafiga, funika, hesabu dakika 5. Angalia rangi ya unga. Ukigeuka kahawia hafifu tu, moto ni mdogo. Ongeza vipande 3 juu. Ukiwa rangi ya dhahabu iliyokolea, kama ganda la mkate uliookwa vizuri, umefika kwenye moto wa gato, kati ya nyuzi 160 na 200. Ukiwa kahawia iliyoiva sana, ondoa vipande 2 chini na 2 juu, ngoja dakika 5. Ukiwa mweusi, fungua kifuniko, acha sufuria ipumue, anza kupima upya. Kipimo hiki kinakula kijiko kimoja cha unga na kinaokoa gato zima.

Vipande vya ukubwa huu huanza kuchoka baada ya nusu saa. Kwa hiyo weka vingine 10 vinavyowaka pembeni. Kwenye dakika ya 25 ongeza 6 juu na 2 chini. Wakati huohuo zungusha sufuria robo duara upande wa kulia na kifuniko robo duara upande wa kushoto, ili sehemu yenye moto mkali isikae mahali pamoja. Kifuniko cha gato kisifunguliwe kabla ya nusu saa hata kidogo.

Fanya kazi hii nje au chini ya baraza iliyo wazi. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa ya sumu inayotuama mabondeni na kuua bila onyo. Hewa ya makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa ni ya aina nyingine, lakini tabia ni ile ile: haina harufu, haina rangi, na mtu analala asiamke. Usiingize mbabula ndani eti mvua imeanza. Ahirisha kuoka.

Mji ulio juu na unga unaoumuka

Mapishi mengi ya magazeti na simu yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1,500 hivi, Lubumbashi kwenye 1,200 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, na hilo linabadilisha gato kwa njia tatu.

Kwanza, mapovu ya levire yanavimba zaidi kwa sababu hewa haiyakandamizi sana. Gato linapanda haraka, kuta zake bado ni laini, linashindwa kujibeba na kuanguka katikati. Pili, maji yanatoka upesi, gato linakauka. Tatu, maji yakipungua sukari inakolea, na sukari iliyokolea inachelewesha gato kushikana.

Ukichukua pishi la kigeni, fanya hivi: kwa kila kijiko cha chai cha levire punguza robo, kwa kila kikombe cha sukari toa kijiko 1 cha supu, kwa kila kikombe cha maziwa au maji ongeza vijiko 1 hadi 2 vya supu, na uongeze moto kidogo ili gato lishikane kabla ya mapovu kupasuka. Lubumbashi unaweza kupunguza levire kwa nusu ya kiasi hicho. Mapishi yaliyo hapa chini yamekwisha kurekebishwa kwa Goma na Bukavu.

Kuhusu vipimo: huna mizani? Jaza maji chupa ya nusu lita, yagawe sawasawa kwenye vikombe 2 vinavyofanana, tia alama. Hapo una kikombe cha mililita 250. Unga wa ngano uliochotwa kwa kijiko na kulainishwa juu bila kushindiliwa ni gramu 125 kwa kikombe. Sukari ni gramu 200. Unga ukiuchota kwa kuuzamisha kikombe, utapata gramu 150 au zaidi, na gato litakuwa tofali.

Levire nazo ni mbili na zinachanganywa kila siku. Ile poda nyeupe ya gato hufanya kazi kwa unyevu na joto. Ile ya mkate, yaani hamira ya punje za kahawia, ni kitu hai kinachotaka muda. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Poda ijaribu kwa kutia nusu kijiko kwenye maji ya moto: isipofoka mara moja, imekufa. Hamira itie kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Baada ya dakika 10 iwe na povu juu. Maji yakiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, umeiua.

Gato la ndizi

Hili ndilo la kuanzia, kwa sababu ndizi inasamehe makosa: unyevu wake unaziba pengo la moto uliozidi kidogo.

Unga wa ngano gramu 250 (vikombe 2)
Sukari gramu 120 (zaidi kidogo ya nusu kikombe)
Ndizi mbivu zilizomenywa gramu 300
Mayai 2
Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu mililita 80 (vijiko 5 vya supu na kidogo)
Maziwa yaliyoganda au maziwa yenye matone ya ndimu, vijiko 4 vya supu
Levire ya gato kijiko 1 na nusu cha chai
Bikarbonati ya soda robo kijiko cha chai
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mdalasini kijiko 1 cha chai, ukipenda

Ndizi ndogo tamu za kamaramasenge ndizo bora. Zingoje mpaka ganda liwe na madoa meusi pande zote na ndizi ilegee ukiishika. Ndizi ya njano safi bado ina wanga mwingi, gato litakuwa zito na utamu hautasikika hata ukiongeza sukari. Makemba, zile ndizi kubwa za kupika, hayafai hapa hata yakiwa meusi. Yana nyuzi na ladha yake inataka kukaangwa.

Washa makala kwanza. Wakati yanavaa jivu, paka chombo mafuta, tandika karatasi nyeupe isiyo na wino chini, ipake mafuta nayo. Gazeti lina wino, liache.

Kwenye bakuli moja changanya unga, levire, bikarbonati, chumvi na mdalasini, uzichekeche mara 2. Bikarbonati isiyochekechwa hubaki vidonge, na mtu akikutana nacho mdomoni anaonja sabuni. Kwenye bakuli lingine ponda ndizi kwa uma. Usizifanye maji kabisa. Vipande vya ukubwa wa punje ya maharagi vinapendeza ndani ya gato. Ongeza sukari, mayai, mafuta na maziwa, piga kwa nguvu dakika 2 mpaka sukari isisikike chini ya kijiko.

Sasa mimina vikavu kwenye vyenye maji, na hapa upole unahitajika. Geuza kwa kijiko cha mti, toka chini kwenda juu, mara 15 hadi 20 tu. Uache mara unga mweupe unapotoweka, hata kama kuna mabonge madogo. Ukiendelea kupiga, unga wa ngano unajenga nyuzi kama za mkate: gato linatoka gumu, lina mashimo marefu kama njia za mchwa, na juu limechongoka. Rojo sahihi likiinuliwa kwa kijiko linaanguka kwa mapande mazito, linatulia juu ya lenzake sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Likichuruzika kama uji, ndizi zilikuwa na maji mengi. Ongeza vijiko 2 vya unga. Likigoma kudondoka, ongeza kijiko 1 cha maziwa.

Jaza chombo theluthi mbili, si zaidi. Kigonge mara 2 juu ya meza mapovu makubwa yatoke, na ukiingize mara moja kwenye sufuria yenye moto. Rojo lililosubiri nusu saa linapoteza nguvu yake, maana levire imekwisha kuanza kazi bakulini.

Muda ni dakika 45 hadi 55. Harufu ya ndizi inaanza kutoka kwenye dakika ya 30 hivi. Harufu hiyo ni ya kuiva kwa nje tu, isikudanganye. Kwenye dakika ya 40 pangusa jivu kwenye ukingo kwa kitambaa chenye unyevu, inua kifuniko moja kwa moja juu bila kukiinamisha, maana jivu likianguka juu ya gato halitoki. Angalia mambo matatu. Kando za gato zimeachana na chombo kwa unene wa uzi. Juu, ukibonyeza kidogo kwa kidole, panarudi. Njiti safi ikichomwa katikati inatoka na chembe kavu, bila rojo. Hayo yote yakitimia, toa. Njiti peke yake haitoshi kwa gato hili, kwani inaweza kugonga kipande cha ndizi na kutoka na unyevu wakati gato limeiva.

Liache ndani ya chombo dakika 10, kisha uligeuze juu ya waya au ungo. Likipoa ndani ya chombo, mvuke unageuka maji chini na kitako kinakuwa kama sponji.

Sasa makosa, na sababu zake. Gato lililoanguka katikati lilikuwa na levire nyingi, au kifuniko kilifunguliwa kabla ya nusu saa, au lilitolewa bichi. Utatofautisha hivi: lililozidi levire lina matundu makubwa na ladha chungu kidogo kwenye ulimi; lililotolewa bichi lina mstari wa rojo linalong'aa ndani. Lililopasuka juu kama mlima lilipata moto mkali wa juu mapema mno: ganda lilikauka, ndani likaendelea kusukuma. Wakati mwingine weka vipande 12 tu juu kwa dakika 15 za kwanza, kisha ongeza vile 4. Lenye kitako cheusi halihitaji maelezo marefu: makala ya chini yalikuwa mengi au yalikusanyika katikati, au mafiga yalikuwa mafupi. Usijaribu kuponya kitako kwa kupunguza muda. Punguza makala ya chini, muda uache.

Anayetaka gato la kakao aondoe gramu 30 za unga na aweke gramu 30 za kakao ya unga isiyo na sukari. Kakao inalimwa kwa wingi upande wa Beni, na inapatana na ndizi sana. Hapo rangi haitakusaidia kujua kama limeiva. Tegemea kidole na kando.

Unga wa muhogo je? Unaweza kuchukua nafasi ya robo ya ngano, gramu 60 hivi. Zaidi ya hapo gato linamegeka, kwa sababu muhogo hauna zile nyuzi zinazoshikilia. Wenye harufu kali ya kulowekwa utaisikia harufu hiyo ndani ya gato. Chukua wa muhogo mtamu uliokaushwa vizuri. Wa muhogo mchungu usiolowekwa una sumu, usiuguse.

Biskuti za karanga

Karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 150, unga gramu 200, sukari gramu 100, majarini gramu 100, yai 1, levire ya gato nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Zinatoka biskuti 24 hivi.

Kazi kubwa ni kuchagua karanga. Mwaga zote kwenye ungo, tupa zilizonyauka, zenye ukungu, zenye rangi ya ajabu au uchungu. Sumu ya ukungu wa karanga haimalizwi na moto wa kuoka, kwa hiyo usijiambie kwamba moto utaitengeneza. Twanga karanga nzuri kwenye kinu, polepole, kwa mafungu madogo: nusu ziwe unga, nusu zibaki vipande. Ukitwanga kwa muda mrefu zinatoa mafuta na kuwa rojo, na biskuti zitatandaa.

Ponda majarini na sukari mpaka vipauke, dakika 5 za mkono wenye nguvu. Tia yai, kisha karanga, kisha unga uliochekechwa na levire na chumvi. Donge litakuwa gumu kidogo. Lifunike, liache mahali pa baridi nusu saa; majarini ikilainika kupita kiasi, biskuti zinatambaa na kushikana.

Fanya vidonge vya ukubwa wa limau dogo la kienyeji, vibonyeze kwa uma mpaka unene wa sentimita 1. Kwenye sahani ya sentimita 24 zinaenea 8 kwa mara moja, zikiachana vidole viwili. Moto wa biskuti ni uleule wa gato, ila chini ondoa vipande 2, yaani 6 chini na 16 juu: sukari na karanga zinaungua upesi. Muda ni dakika 15 hadi 18. Zitoe zikiwa bado laini katikati na kando zimeanza kuwa kahawia. Wengi huziacha mpaka zigumu, na zikipoa zinakuwa mawe. Biskuti inakauka nje ya sufuria.

Kati ya fungu na fungu, ongeza makala 3 juu na upime tena kwa unga. Fungu la tatu ndilo linaloungua mara nyingi, kwa kuwa mchanga umekwisha kupata moto mwingi. Lipunguzie dakika 2.

Mikate midogo ya maziwa

Unga gramu 500, sukari gramu 70, hamira vijiko 2 vya chai (gramu 7), chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, maziwa ya vuguvugu mililita 270, yai 1, majarini gramu 60. Maziwa mabichi ya Masisi yachemshe kwanza, uyaache yapoe mpaka tone kwenye kifundo cha mkono lisikuunguze. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kukuletea ugonjwa, na pia yanafanya donge lilegee.

Changanya vyote isipokuwa majarini, kanda dakika 8, kisha ingiza majarini kidogo kidogo. Mwanzoni donge litateleza na kunata, utadhani umeliharibu. Usiongeze unga. Kanda dakika 7 nyingine na litajikusanya lenyewe. Likiwa tayari, kata kipande, kivute kwa vidole kwenye mwanga: kinakuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kupasuka. Kikipasuka mara moja, endelea kukanda.

Funika kwa kitambaa chenye unyevu. Kitabu kitakuambia saa moja na nusu. Kwa mwinuko wetu donge linaumuka haraka, mara nyingi chini ya saa moja wakati wa joto. Fuata ukubwa, saa iache. Likikaribia kuwa mara mbili, libonyeze litoe hewa, liache liumuke mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo inayoleta ladha, kwa sababu haraka ya kwanza haikuipa hamira muda wa kuitengeneza.

Gawa mara 12, kila moja gramu 80. Viringisha kwa kukunja kingo kuelekea chini ili juu pawe na ngozi iliyokaza. Panga 9 kwa duara na 3 katikati kwenye chombo cha sentimita 24 kilichopakwa mafuta. Subiri dakika 25 hadi 30: bonyeza mmoja kwa kidole, kidimbwi kikirudi polepole na kuacha alama ndogo, ni wakati. Kikirudi mara moja, bado. Kisiporudi kabisa, umechelewa na mikate itaanguka. Ikusanye, iviringishe upya, isubiri tena.

Paka juu maziwa yenye sukari kidogo. Oka dakika 30 hadi 35, 8 chini na 16 juu. Mikate iliyoiva ukiigonga chini inatoa sauti ya uwazi. Kama juu ni nyeupe na chini tayari, sogeza sufuria kutoka kwenye mbabula, iweke juu ya mawe makavu, uache makala ya juu peke yake dakika 6.

Kutunza, na moto unaobaki

Gato la ndizi lifunge kwa kitambaa safi likiwa limepoa kabisa. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, siku ya nne linaanza ukungu, hasa wakati wa mvua. Biskuti zikiwa kwenye kopo linalofunga vizuri zinadumu wiki mbili. Zikilegea, zirudishe kwenye sufuria yenye makala ya juu tu kwa dakika 5. Mikate ya maziwa iliwe siku ileile, au ikatwe kesho yake na kukaushwa vipande kwa chai.

Baada ya kutoa fungu la mwisho, sufuria bado ina joto la nusu saa. Tandaza karanga mbichi zilizochaguliwa kwenye sahani, zifunike na makala yanayofifia juu, zitikise kila dakika 5. Ngozi ikianza kuchubuka kwa kusugua, zitoe. Hizo ndizo za biskuti zijazo.